Msikimbilie fildi yenye kiyoyozi: niliyowaambia vijana wa Tanga kuhusu kusomea vifaa tiba

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wazazi wangu mliokaa huku mbele shikamooni nyote. Walimu waliponiita walisema nije niongee kuhusu kozi niliyosoma, uhandisi wa vifaa tiba, nikakubali palepale kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa kwenye viti kama hivi hapahapa Tanga nikiwa sijui hata kama kozi hiyo ipo. Nilikuwa namjua daktari, nesi na mfamasia, basi. Ukifaulu fizikia unaambiwa nenda kawe injinia wa barabara au wa umeme, ukifaulu bayolojia unaambiwa udaktari, sasa yule anayependa vyote viwili hakuna anayemwambia kitu, anabaki anazungukazunguka na fomu mkononi mpaka dirisha la maombi linafungwa.

Nianze na baba yangu. Baba alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, na nyie wazee mnajua mji wetu huu ni wa baiskeli tangu enzi na enzi, mtu anaenda bandarini kwa baiskeli, sokoni kwa baiskeli, harusini kwa baiskeli. Kazi yangu ya utotoni nikitoka madrasa ilikuwa kumshikia beseni la maji. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye maji kidogo kidogo huku anaizungusha, anakaa kimya kabisa anaangalia, mpaka vile vipovu vidogo vinaanza kupanda juu, hapo ananiambia weka kidole, nami naweka kidole juu ya tundu ili pasipotee, yeye anapakausha, anapapiga msasa, anapaka solusheni, anabandika kiraka. Hilo beseni nitalirudia, msilisahau.

Sasa kozi yenyewe. Kila hospitali mnayoijua, kuanzia pale Bombo nilipozaliwa mimi na nyie wengi humu ndani, mpaka zahanati ya kijijini, kuna mashine. Kuna ya kupima presha, kuna ya kufyonza makohozi, kuna ya kuchemshia vifaa vya upasuaji, kuna kitanda cha kuwapa joto watoto njiti, eksirei, ultrasaundi, mashine za maabara, mashine za usingizi chumba cha upasuaji. Mtu anayejua zinavyofanya kazi, anayezifunga, anayezipima kama zinasema kweli, anayezitengeneza zikifa na anayeishauri hospitali inunue ipi na isinunue ipi, huyo ndo mhandisi wa vifaa tiba. Darasani mnasoma hesabu nyingi, umeme na elektroniki, mekaniko, na mnasoma pia mwili wa binadamu, moyo unapigaje, mapafu yanabadilishaje hewa, figo inachuja vipi. Mwaka wa kwanza ni hesabu tupu, kuna watu wanadhani wamekosea kozi wanataka kuhama. Wavumilie.

Kwa hapa nchini digrii ipo Muhimbili, chuo kikuu cha MUHAS, na kwa ngazi ya diploma kuna DIT Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha, kwa hiyo hata mdogo wako wa kidato cha nne aliyefaulu fizikia, hesabu na kemia mlango upo. Jirani zetu Uganda wanafundisha digrii hii pale Makerere. Vigezo vya kuingia someni wenyewe kwenye mwongozo wa mwaka husika maana vinabadilika, msimsikilize mtu wa kijiweni.

Najua kuna mzazi hapa anajiuliza, yaani mwanangu asome miaka yote hiyo aje kuwa fundi? Mama yangu mzazi aliniuliza hivohivo, tena mume wake ni fundi. Mimi naomba niwaambie habari za watu wawili. Yupo Mwingereza Godfrey Hounsfield, hakuwa daktari, alikuwa injinia kwenye kampuni ya EMI, ndo aliyetengeneza mashine ya CT skani inayokata picha ya mwili vipandevipande bila kisu, na mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na mwanafizikia Allan Cormack mzaliwa wa Afrika Kusini. Halafu yupo Mjapani, Takuo Aoyagi, naye injinia. Mwaka 1974 ndo alileta wazo la kile kibanio kinachowekwa kidoleni kupima oksijeni kwenye damu, ambacho wakati wa korona kila mtu alikijua. Kibanio kile kina taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho, zinapita kwenye kidole, na damu yenye oksijeni ya kutosha inameza mwanga tofauti na damu isiyo nayo. Lakini kwenye kidole kuna ngozi, kuna nyama, kuna mfupa, vyote vinameza mwanga, sasa utajuaje ipi ni damu? Aoyagi aliona kwamba kitu pekee kinachodunda mle ndani ni damu inayotoka moyoni, basi akachukua kile kinachodunda tu na kingine chote akakiacha. Mimi nilipofundishwa hilo darasani nilikaa kimya dakika nzima. Mzazi, ukisikia neno fundi usishtuke.

Haya, sasa nifike kwenye jambo lililonileta, nalo ni fildi. Mafunzo kwa vitendo. Digrii yangu ilikuwa na fildi mara tatu, kila moja wiki 8, ukihesabu siku za kazi ni siku 40 kila mwaka. Wenzetu Uingereza vipo vyuo ambavyo mwanafunzi wa kozi hii anaweza kukaa kazini mwaka mzima katikati ya digrii, anaajiriwa kwa muda, analipwa mshahara, halafu anarudi chuo kumalizia. Sisi tuna siku 40, na natamani kwa moyo wangu wote ziongezwe, lakini mpaka ziongezwe hizo 40 ni dhahabu na wengi wetu tunazimwaga.

Mimi nilizimwaga za kwanza. Nilitafuta hospitali kubwa ya jijini, siitaji, yenye kiyoyozi na mashine ambazo hata kwenye vitabu nilikuwa sijaziona, nikawaringia wenzangu. Nilichokuja kugundua ni kwamba zile mashine kubwa ziko chini ya mkataba, ikiharibika anaitwa wakala wa kampuni, anakuja na laptopu yake na begi lake, mwanafunzi unasimama mlangoni. Halafu kwa kuwa mimi ni msichana nikapewa faili. Wiki 8 naandika namba za vifaa kwenye rejista, mwandiko wako mzuri, ndo nilivoambiwa. Wavulana wawili niliokuwa nao wakawa wanabeba ngazi na bisibisi. Sikusema kitu. Logibuku langu lilijaa, supavaiza alikuja akasaini, asesment nikapata alama nzuri tu, na nilikuwa sijafungua hata kifuniko kimoja. Nimewaambia hivi ili dada zangu mlioko humu mkipewa faili siku ya kwanza mseme siku ya kwanza, kwa adabu, kwamba faili ntaliandika lakini na mashine naomba nifungue. Mimi nilisema mwaka wa pili na nilipewa, kumbe ilikuwa ni kusema tu.

Mwaka wa pili nikakosa nafasi Dar, nikarudi nyumbani kwa unyonge, nikapangiwa hospitali moja ndogo ndani ya mkoa wetu huu, nayo nisiitaje. Karakana ni chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia, fundi ni mzee mmoja tu na hospitali nzima inamtegemea. Chumba cha pili ni stoo. Nilipofunguliwa ile stoo nilihisi kulia. Mashine zimepangwa mpaka darini, zingine mpya bado zina nailoni.

Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2011, wa Perry na Malkin, walikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 maskini, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi, na sababu walizozitaja ni mafunzo, usimamizi na miundombinu kama umeme. Namba hiyo nilikuwa naijua, nilishaijibia mtihani. Lakini kuijua namba na kusimama katikati yake ni vitu viwili.

Nichukue mfano wa vile vya msaada. Kulikuwa na kitanda cha kuwapa joto watoto wachanga, kimetoka Marekani, kizuri mno, nyuma kina kibandiko kidogo kimeandikwa volti 120, hezi 60, hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu sisi ni volti 230, hezi 50. Mtu fulani kabla yangu alitafuta adapta dukani ili plagi iingie ukutani, ikaingia, akawasha. Jamani, adapta inabadilisha miguu ya plagi, haibadilishi umeme! Na hita ukiipa volti karibu mara mbili joto lake haliwi mara mbili, linakaribia mara nne, sasa fikirieni angekuwa ameshamlaza mtoto. Alhamdulillah kiliungua kitupu. Na hata ukiweka transfoma ya kushusha volti bado ile hezi ipo palepale, mota nyingi zilizotengenezwa kwa hezi 60 ukizipeleka kwenye 50 zinazunguka taratibu na zinapata moto. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa kujifunza fildi, kabla ya bisibisi, ni kusoma kibandiko cha nyuma. Mpaka leo nikiingia hata nyumba ya mtu nageuza pasi naangalia nyuma.

Halafu kuna hii bahari yetu tunayoipenda. Wanaotengeneza mashine kule kwenye nchi za baridi kavu hawaijui hewa ya Tanga. Ukifungua kifaa kilichokaa miaka miwili karibu na pwani unakuta shaba zimeota ukijani, kutu imekula miguu ya visehemu vidogo kwenye bodi, chumvi tupu. Hili hatukufundishwa darasani. Mzee wa karakana ndo alinionyesha, anasafisha kwa spiriti na mswaki wa meno, taratibu, kama anamswakisha mtoto.

Sasa siku ninayotaka kuwasimulia ni wiki ya tatu. Nilikuwa nimeshazoea, nimeshika bisibisi, nataka kutengeneza dunia. Asubuhi mzee akaniambia leo usifungue kitu, nenda wodi ya watoto ukakae na sista, umuulize mashine zake zinamsumbua nini, usimwambie kitu, muulize tu. Nikaona ananipotezea muda. Nikaenda.

Sista alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, lakini akanipa kiti. Akaniambia mashine ya oksijeni ya kitanda cha dirishani inapuliza vizuri lakini oksijeni ya mtoto haipandi. Mtoto alikuwa na miezi 7, ana nimonia, kibanio kidoleni kinasoma asilimia 84 na hakisogei. Nikaenda kuitazama ile mashine. Imesukumwa mpaka ukutani, pazia limeangukia mgongoni mwake, na pale mbele kwenye kitaa cha tahadhari kumebandikwa plasta, ile plasta nyeupe ya hospitali, tabaka mbili. Na kwenye vitundu vya kengele plasta nyingine. Nikauliza, sista hii ni nini? Akasema kwa sauti ya chini, mwanangu ilikuwa inalia usiku kucha, wiki nzima, watoto hawalali, nikaambiwa fundi atakuja, mimi niko peke yangu na wodi nzima. Sikuwa na la kumjibu. Aliyeandika tangazo la kengele kwenye kitabu cha mashine hajawahi kukaa usiku peke yake na wodi nzima.

Nikabandua plasta, kitaa kinawaka njano. Nikakimbia kumwita mzee, na tulipofika kitu cha kwanza hatukugusa mashine, sista alimhamishia mtoto kwenye mtungi wa oksijeni, ndani ya dakika chache kibanio kikasoma 90, 92, 95. Hapo ndo mzee akachomeka kipimo chake cha oksijeni kwenye ile mashine. Asilimia 61.

Niwaeleze kidogo mashine ile. Hewa hii tunayovuta hapa ukumbini ina oksijeni asilimia 21 tu, kama 78 ni naitrojeni. Mashine inavuta hewa ya chumbani, inaikandamiza kwa kompresa, inaisukuma ndani ya silinda zilizojaa punje nyeupe zinaitwa zeolaiti, na zile punje chini ya presha zinaidaka naitrojeni, oksijeni inapita inaenda kwa mgonjwa. Silinda ziko mbili, moja ikidaka nyingine inapumua, inashusha presha na kuitema naitrojeni nje, zinapokezana kila baada ya sekunde chache, ndo ile pshhh mnayoisikia ukikaa karibu nayo. Ikiwa nzima inatoa oksijeni zaidi ya asilimia 90. Ikishuka chini ya 82 hivi mashine nyingi zimewekwa zipige kelele. Siri yote ni presha. Presha ikipungua punje hazidaki, naitrojeni inapita inaenda kwa mtoto, yaani mashine inapuliza kwa nguvu ileile, mkononi unahisi upepo uleule, lakini inachopuliza sicho.

Mimi nikaanza kutoa nadharia. Nikamwambia mzee zeolaiti imeshaingia unyevu, imekufa, tuagize mpya. Nilikuwa na uhakika, nilikuwa nimesoma. Mzee hakubishana. Akatoa chujio la hewa, lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni, akaliosha, akarudisha kipimo. 66. Akafungua kifuniko. Akaniambia nenda kwa wafuaji uniletee maji ya sabuni kwenye kikombe. Akachukua kibrashi, akaanza kupaka povu kwenye kila kiungio cha mpira kutoka kwenye kompresa, kimoja kimoja, kimya kabisa, anaangalia.

Na mimi nikaliona beseni la baba.

Kwenye kiungio cha tatu povu likaanza kuchemka, vipovu vidogovidogo vinapanda. Mikono yangu ilienda yenyewe, nikaweka kidole. Mzee akaniangalia, akauliza umefundishwa wapi? Nikasema Ngamiani. Ilikuwa klipu ya hosi, imekula kutu, imelegea, presha yote inavujia pale. Mzee akatoa nyingine kwenye kopo, tukafunga, tukawasha, tukangoja mpaka hewa itulie. 70. 81. 88. 93. Kitaa cha njano kikazimika chenyewe.

Zeolaiti mpya tungeiagiza nje, tungengoja miezi, na ingefungwa kwenye mashine inayovuja ikasoma 61 tena. Na klipu ile bei yake haifiki hata chapati mbili. Ndo maana nawaambia wadogo zangu, na haya ni maoni yangu mimi na nimeyafikiria sana, mkitafuta fildi msitafute jengo. Tafuteni karakana yenye kazi na fundi anayekubali mwanafunzi afungue kifuniko. Kabla ya kupeleka barua nenda mwenyewe, ingia karakana, uliza wiki iliyopita mmetengeneza nini, wakikuonyesha vifuniko vilivyofunguliwa mezani basi hapo pana shule, wakikuonyesha ofisi ni ofisi. Hospitali ndogo za mikoani kwetu, Muheza, Korogwe, Lushoto, Pangani, kazi ipo mpaka itabaki, na kwa mtoto wa Tanga unalala kwenu unakula kwenu, ile pesa ya fildi kwa wenye mkopo wa Bodi nunua multimita nzuri, kile kifaa cha kupimia umeme, na seti ya bisibisi, hivo viwili vitakulisha.

Na kila asubuhi anza wodini. Nimefanya hivyo fildi ya tatu na nafanya mpaka leo kazini, naingia na salamu, sista habari za usiku, kipi kimekusumbua. Manesi wanajua mashine inabadilika sauti siku mbili kabla haijafa. Wanajua ipi ukiichomeka kwenye soketi ya kushoto inapiga shoti. Hawaulizwi tu. Na ukitoka rudi uwaambie umefanya nini, usiondoke kimyakimya, maana sista akijua ukiitwa unakuja hatabandika tena plasta.

Walimu wananionyesha saa. Basi, mtoto yule aliruhusiwa siku ya sita, mama yake alikuwa mtu wa Pangani, alipita karakana kuaga akatuachia nazi nne. Mzee akanipa ile klipu mbovu. Nimekuja nayo, hii hapa. Pitisheni kuanzia mbele mpaka nyuma, kila mtu aishike aone ilivyolika upande mmoja, halafu irudi kwangu. Aliye na swali anyooshe mkono, nianze na wewe hapo mwenye mtandio mweupe.